Rangi ya nje ya shule isiwatie watoto kiwi

Kila mwaka muhula wa mwisho unapomalizika na wanafunzi kurejea makwao, shule nyingi nchini huingiliwa na mafundi wenye ndoo, ngazi na brashi. Kuta hukwanguliwa, nyufa huzibwa na rangi mpya hupakwa ili Januari ikifika wazazi na wageni waikute shule inang'ara. Ni desturi njema na hatuna nia ya kuibeza. Hata hivyo, katika vikao ambamo rangi hizo huchaguliwa, swali linaloulizwa aghalabu ni moja tu: ni rangi gani itakayopendeza? Swali la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye uzito zaidi, huachwa nje ya mlango: rangi hiyo itafanya nini jua litakapoipiga?

Twasema lina uzito zaidi kwa sababu mgeni huitazama shule kwa saa moja akaenda zake, ilhali mwanafunzi na mwalimu wake huitazama kwa miaka. Ukuta ulio mkabala na dirisha la darasa ni sehemu ya darasa hilo, hata kama umejengwa ng'ambo ya uwanja. Ukuta huo ukimtia mtoto kiwi, yaani ukimpiga kwa mwanga mkali hadi macho yake yakashindwa kuona barabara, hakuna kitabu wala ubao utakaomfaa kwa wakati huo. Rangi ya nje, basi, si pambo tupu. Ni chombo cha kazi kama lilivyo dawati, na chombo cha kazi huchaguliwa kwa kazi yake kwanza, uzuri wake baadaye.

Suala la rangi za majengo si geni katika nchi hii. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale wayapake rangi nyeupe na kuyatia mapambo ya buluu. Agizo hilo lilizungumzwa kwa upande wa sura ya mji na kwa upande wa mfuko wa mwenye nyumba. Halikuzungumzwa vya kutosha kwa upande wa jua. Nasi hatusemi kwamba rangi nyeupe ni mbaya. Tunauliza tu: nyeupe yafaa wapi, na wapi haifai?

Atakayesema kwamba weupe ni asili ya Pwani hatakosea. Nyumba kongwe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kisha zikakandikwa chokaa. Lakini anayesema hivyo asisahau mitaa iliyozizunguka nyumba hizo. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba, na kuta zake ndefu hutiliana kivuli karibu mchana kutwa. Jua huifikia sakafu ya kichochoro kwa muda mfupi tu linapokuwa utosini. Katika kivuli kama hicho weupe hautii kiwi. Hupokea mwanga mpole wa mbingu, ukaurushia ukuta wa pili, na huo ukaurudisha kwa wa kwanza, hadi mwanga ukamfikia mzee aliyeketi barazani akisoma kitabu chake. Isitoshe, chokaa haina mng'ao wa kioo. Uso wake una mikwaruzo, huutawanya mwanga badala ya kuurusha kwa mkupuo, na baada ya masika machache hufifia ukawa rangi ya pembe ya ndovu.

Kwa hiyo weupe wa wahenga wetu haukuwa peke yake. Ulikuwa mtumishi wa kivuli. Ukiutoa kichochoroni, ukaupaka kwa rangi ya mafuta inayometameta juu ya ukuta wa ghorofa tatu, mbele ya uwanja mpana wa changarawe usio na mti hata mmoja, umekuwa kitu kingine kabisa. Jina ni lile lile la nyeupe, lakini tabia imegeuka. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tuangalie kinachotokea katika jicho lenyewe. Mboni hujikunyata mwanga unapozidi na hupanuka mwanga unapopungua. Kujikunyata huko hufanyika upesi, lakini jicho lililozoea mwanga mkali huhitaji dakika kadhaa ili kuona vyema tena mahali penye mwanga hafifu. Mwanafunzi anayeinua uso kutoka daftarini, akautazama uwanja na ukuta uwakao, kisha akarudisha macho ubaoni, huuona ubao kama ulio nyuma ya ukungu. Akifanya hivyo mara 20 katika kipindi kimoja, na ni mtoto gani asiyetazama nje, amepoteza sehemu ya somo bila ya kuwa mvivu wala mtukutu.

Tofauti yenyewe si ndogo. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho laksi. Jua la adhuhuri katika mbingu isiyo na wingu laweza kufikia laksi 100,000 juu ya ardhi, ilhali laksi 300 zinatosha kwa kusoma na kuandika darasani. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 300. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe hivi karibuni hurudisha karibu asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoupokea. Maana yake ni kwamba ukuta mweupe juani huwa kama jua la pili lililowekwa katika usawa wa macho ya watoto. Lile la kwanza liko juu na hakuna anayelitazama. La pili liko mkabala nao na hawana budi kulitazama.

Matokeo yake huonekana kwa yeyote anayezuru shule zetu. Madirisha yaliyojengwa kwa gharama ili yaingize mwanga na upepo huzibwa kwa maboksi, magazeti na mapazia mazito. Darasa likawa na giza na joto kwa pamoja, na taa zikawashwa mchana ambapo kuna umeme. Pale pasipo na umeme, walio karibu na dirisha hupofushwa na walio nyuma hukodoa. Tumelipia dirisha, tukalipia rangi iliyolifanya dirisha lisifae, kisha tukalipia pazia. Ni uchumi wa namna gani huo?

Kuna kundi moja ambalo kwalo jambo hili si la usumbufu tu, bali ni la haki. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwapata Wakenya 9,729 wenye ualbino. Macho yao hayana rangi ya kutosha ya kuuzuia mwanga uliozidi, na wengi wao huona kwa shida hata katika mwanga wa kawaida. Ni vyema wapewe mafuta ya kuikinga ngozi, kofia na miwani, na waketishwe karibu na ubao. Lakini ni kinyume kumpa mtoto kofia kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili kumzungushia kuta zinazomwakia kutoka kila upande, kwani kofia huzuia jua la juu na haiwezi kuuzuia ukuta ulio mbele. Shule inayosema kwamba milango yake i wazi kwa watoto wote haina budi kulisema hilo kwa kuta zake pia.

Sasa tulitazame jua lenyewe, maana anayechagua rangi bila ya kuijua njia ya jua ni kama nahodha asiyejua majira ya upepo. Nchi yetu imekatwa na ikweta. Mjini Mombasa, palipo nyuzi 4 hivi kusini ya ikweta, jua hupita utosini mapema mwezi wa Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba. Jijini Nairobi hupita utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Mwezi wa Juni jua huelemea kaskazini na mwezi wa Desemba huelemea kusini, lakini hata linapoelemea mno, saa sita mchana huwa bado liko juu sana, zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, popote ulipo nchini Kenya.

Kutokana na hayo tunapata mambo matatu ambayo kila mwanafunzi wa jiografia anaweza kuyathibitisha kwa kijiti na kivuli chake. La kwanza, sehemu ya jengo inayopigwa na jua kuliko zote ni paa. La pili, kuta zinazoelekea kaskazini na kusini hupata jua la juu, ambalo huzuiwa kwa urahisi na upenu: paa likichomoza mita 1 tu nje ya ukuta, kivuli chake cha saa sita mchana hushuka karibu mita 2 ukutani hata mwezi wa Juni, na huzidi hapo katika miezi mingine mingi. La tatu, kuta zinazoelekea mashariki na magharibi hupata jua lililoinama, na jua hilo hupenya chini ya upenu. Saa kumi alasiri upenu ule ule wa mita 1 hautii kivuli hata cha mita 1 kwenye ukuta wa magharibi.

Kanuni tunayopendekeza inatoka humo, na ni fupi kiasi cha kuandikwa juu ya ukurasa wa kwanza wa kumbukumbu za kikao: paa liwe la rangi nyepesi, ukuta ulio kivulini uwe mweupe au wa maziwa, ukuta ulio juani uwe wa rangi ya wastani. Shule nyingi hufanya kinyume cha haya. Paa hupakwa damu ya mzee au kijani kibichi kilichokoza kwa sababu rangi hizo huficha uchafu, ukuta ulio chini ya varanda hupakwa rangi nzito hadi madarasa yakawa na giza, na ukuta wa mwisho wa jengo, ule unaotazama uwanja na machweo, ndio unaopakwa nyeupe ya kumetameta ili jina la shule lisomeke kutoka barabarani.

Tuanze na paa. Jua la adhuhuri katika mbingu safi huleta nguvu ya wati 1,000 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lina mita 48 za mraba, kwa hiyo juu yake huwa kama kumewashwa pasi 48 za umeme za wati 1,000 kila moja. Paa la rangi nzito linalomeza asilimia 90 ya nguvu hiyo hubaki na pasi 43. Paa jeupe na safi linalorudisha asilimia 80 hubaki na pasi 10 hivi. Ni kweli kwamba si joto lote linalomezwa na paa ambalo huwafikia wanafunzi, kwani sehemu yake huchukuliwa na upepo na nyingine huzuiwa na dari pale ilipo. Lakini madarasa yetu mengi hayana dari, na watoto huketi moja kwa moja chini ya bati. Hapo tofauti ya pasi 43 na pasi 10 si nadharia. Ni mtoto anayesinzia saa nane mchana na mwingine anayefuatilia somo.

Wapo watakaosema kwamba mabati mapya yasiyopakwa rangi yanatosha, maadamu yanang'aa na kuurudisha mwanga. Hilo lina ukweli nusu. Bati jipya hurudisha mwanga mwingi, lakini huurudisha kama kioo, kwa mwako unaowapiga walio juu yake na walio mbali. Tena bati tupu ni zito wa kuliachilia joto lililokwisha kuingia, kwa hiyo hubaki likichoma kuliko inavyodhaniwa. Kutu ikianza kulila, hugeuka kuwa hudhurungi na likameza jua kama paa jingine lolote la rangi nzito. Bati lililopakwa rangi nyepesi isiyometa hurudisha jua na huliachilia joto vilevile.

Hata hivyo, hapa pana tahadhari. Paa huwa halionwi na aliye chini yake, lakini huonwa na aliye juu yake. Katika miteremko ya Murang'a, Kisii na Taita, paa la shule ya chini huweza kuwa mbele kabisa ya dirisha la nyumba ya juu. Katika miji yenye maghorofa, paa la ghorofa moja hutazamwa na wakazi wa ghorofa ya nne. Mahali kama hapo nyeupe kabisa haifai. Rangi ya maziwa, ya mchanga au ya kijivu chepesi, isiyometa, itapunguza joto kwa kiasi kikubwa bila ya kumfanya jirani afunge madirisha yake.

Tukija kwenye kuta zilizo juani, rangi ya wastani ndiyo nini? Watengenezaji wa rangi wana kipimo kinachoanza 0, ambacho ni nyeusi isiyorudisha mwanga wowote, hadi 100, ambacho ni nyeupe inayourudisha wote. Kwa ukuta upigwao na jua na kutazamwa na watu, rangi zilizo kati ya 40 na 60 hazichomi macho wala hazigeuzi ukuta kuwa jiko. Humo mna rangi ya mchanga, ya udongo mwepesi, ya majani makavu, ya manjano iliyofifia na ya kijivu kisichokoza. Si rangi za unyonge hizo. Kuta za Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, zina rangi inayokaribia udongo, na hakuna aliyewahi kusema kwamba hazina haiba. Jumba la mikutano la Kenyatta jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1973, lina rangi ya chungu kilichookwa, na limebaki kuwa miongoni mwa majengo yanayotambulikana upesi kuliko yote nchini.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba rangi si jina lake tu, bali ni uso wake pia. Rangi ya mafuta inayometa hutia kiwi hata ikiwa ya hudhurungi, kwa sababu uso wake hufanya kazi ya kioo. Rangi ya maji isiyometa huutawanya mwanga. Tunajua kwa nini shule hupenda rangi ya mafuta: huoshwa kwa urahisi, na mikono na viatu vya watoto ni vingi. Basi ipakwe sehemu ya chini ya ukuta, kiasi cha mita 1 kutoka ardhini, ambapo tope hurukia wakati wa mvua, na iwe ya rangi nzito kidogo. Juu ya hapo ipakwe ya maji. Shule nyingi zina mstari huo wa chini tayari. Kilichobaki ni kuutumia kwa busara.

Hatuwezi kuyapita mapingamizi bila ya kuyajibu. La kwanza ni kwamba ukuta wa rangi ya wastani humeza joto kuliko mweupe. Ni kweli, na asiyelikiri hilo anaficha. Lakini kuta za mashariki na magharibi katika darasa lililojengwa vyema ni zile fupi za mwisho, tena hazina madirisha. Joto linaloingia kupitia kwazo ni dogo likilinganishwa na lile la paa. Pale ambapo jengo lilikosewa tangu mwanzo, likaelekeza upande wake mrefu magharibi, rangi peke yake haitaliokoa. Hapo dawa ni kivuli: varanda, mitambaa, na miti iliyopandwa mahali panapostahili. Kivuli kikishaufunika ukuta, upake nyeupe upendavyo.

Pingamizi la pili ni la gharama. Tunajibu kwamba ndoo ya rangi ya mchanga haihitaji fundi zaidi wala brashi zaidi kuliko ndoo ya rangi nyeupe. Shule itapaka rangi hata hivyo. Tunachoomba ni kwamba ichague kabla ya kununua. Kwa upande wa matunzo, weupe ndio wenye gharama. Katika nyanda za juu vumbi jekundu huuchafua katika kiangazi kimoja, na Pwani unyevu huuotesha kuvu, na ukuta mweupe uliochafuka hauna tena ile faida ya kurudisha joto iliyotajwa na waliouchagua.

La tatu ni la heshima ya shule. Kila shule ina rangi zake, na wanafunzi wa zamani huzipenda kama watu wanavyoipenda bendera. Hatusemi ziachwe. Zipakwe kwenye milango, fremu za madirisha, nguzo, lango na kibao cha jina. Buluu iliyokoza juu ya mlango wenye ukuta wa mchanga huonekana vizuri kuliko buluu ile ile ikiwa imefunika jengo zima.

Lipo pia jambo la rangi za bure. Katika miji na vituo vya biashara vingi, makampuni huwapakia wenye maduka kuta zao kwa rangi kali za matangazo, na baadhi ya shule zilizo kando ya barabara hushawishika kupokea zawadi kama hiyo. Rahisi ni ghali. Anayetoa rangi ya bure huichagua ili ionwe na dereva apitaye kwa mwendo wa kasi; hakuichagua kwa ajili ya mtoto atakayekaa mbele yake mwaka mzima.

Huenda msomaji akadhani tunalikuza jambo dogo. Mifano ya ng'ambo yaonyesha kwamba mng'ao wa jengo waweza kuwa kesi ya mtaa mzima. Mjini Los Angeles, Marekani, ukumbi wa muziki wa Walt Disney uliofunguliwa mwaka 2003 ulikuwa na mabamba ya chuma yaliyosuguliwa hadi yakameta, na mengine yakawarudishia majirani mwanga na joto. Mwaka 2005 mabamba hayo yalikwaruzwa ili yafifie. Jijini London mwaka 2013, ghorofa lenye ukuta wa vioo uliopinda, lililoko 20 Fenchurch Street, liliukusanya mwanga wa jua barabarani hadi likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa, na baadaye ikabidi liwekewe vizuizi vya jua. Hao walikuwa wajenzi wenye fedha na wataalamu, na bado walilazimika kurudi kuurekebisha uso wa jengo lililokwisha kukamilika. Nasi tunaoyaona maghorofa ya vioo yakizidi kuchipuka Westlands na Upper Hill tuna sababu ya kujifunza mapema. Mwenye jengo ana haki juu ya ukuta wake, lakini mwanga unaotoka katika ukuta huo hauna mpaka wala hatimiliki.

Basi rangi ichaguliwe vipi? Isichaguliwe dukani chini ya taa, wala kwa kadi ndogo ya vibao vya ukubwa wa kidole gumba. Rangi iliyoenea juu ya ukuta mzima na kupigwa na jua huonekana nyepesi na kali kuliko ilivyoonekana kwenye kadi. Zichukuliwe mbao tatu au nne, kila moja ya mita 1 kwa mita 1, zipakwe rangi zinazoshindana, zisimamishwe kwenye ukuta wenyewe kwa juma moja. Zitazamwe saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, na zitazamwe kutoka mahali watakapokuwa watu: kutoka kwenye madawati, kutoka kwenye mstari wa gwaride la asubuhi, kutoka kwa jirani. Atakayekunja uso mbele ya ubao fulani amekwisha kupiga kura.

Kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wenyewe, na itawafaa kuliko mazoezi mengi ya vitabuni. Wa fizikia wapime joto chini ya vipande viwili vya bati, kimoja cheupe na kimoja cheusi, vilivyoanikwa pamoja. Wa jiografia wachore njia ya kivuli cha mlingoti wa bendera tangu asubuhi hadi jioni na waonyeshe ni ukuta upi unaowaka saa ngapi. Wa sanaa wachanganye rangi. Wa hisabati wakadirie ndoo zitakazohitajika. Kisha wawasilishe mapendekezo yao mbele ya bodi ya usimamizi, ambayo kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ndiyo yenye dhamana ya kuhakikisha kwamba shule ina majengo na vifaa vinavyofaa. Bodi itakayowasikiliza itakuwa imepata ushauri bila ya malipo, na wanafunzi watakuwa wamejua kwamba elimu hutumika.

Hatimaye, pasiwe na atakayedhani kwamba ndoo ya rangi yaweza kushika mahali pa mti. Shule ngapi zimekata miti ya mbele ili jengo jipya lionekane, kisha zikalalamika joto? Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Siku hizi penye wajenzi hapaachwi miti. Mwarubaini na mkungu kwa Pwani, mgrevilea kwa nyanda za juu, ikipandwa upande wa mashariki na wa magharibi wa madarasa, itafanya alasiri kazi ambayo hakuna rangi iwezayo kuifanya. Mti huhitaji miaka na rangi huhitaji siku mbili, ndiyo sababu vyote viwili vyafaa kuanza katika likizo hiyo hiyo.

Shime basi, walimu wakuu na wajumbe wa bodi. Kabla ya kutia sahihi hati ya kununulia rangi mwaka huu, ingieni katika darasa lenye joto kuliko yote shuleni mwenu saa nane mchana, mkae kwenye dawati la dirishani, mtazame nje kwa dakika tano, kisha mjaribu kusoma kilichoandikwa ubaoni. Mkiweza kukisoma bila ya kukunja macho, pakeni mlivyokusudia. Msipoweza, ibadilisheni rangi kabla ya Januari.